Paneli za Sola na Masharti ya Chama cha Wamiliki wa Nyumba

Mwenye nyumba aliyekusudia kufunga paneli za sola, kisha chama cha wamiliki wa eneo lake kikamzuia, aanze kwa kusoma hati yake, kwa kuwa haki yake inategemea kwanza paa ni la nani. Nchini Tanzania, katika ghorofa lililogawanywa kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kila mmoja anamiliki sehemu yake, ilhali paa na ngazi kwa kawaida ni mali ya pamoja. Hivyo hata anayeishi juu kabisa hawezi kutoboa bati bila ridhaa ya wenzake. Nyumba inayojitegemea ndani ya uzio mmoja ni jambo jingine: paa ni lake, na kinachombana ni masharti aliyoyasaini aliponunua.

Nchini Marekani, ambako vyama hivi vina nguvu, sheria ya California ya mwaka 1978 inaruhusu masharti ya kiasi lakini si katazo. Kwa sasa, sharti linaloongeza gharama ya mfumo kwa zaidi ya dola 1,000, au kupunguza ufanisi wake kwa zaidi ya asilimia 10, huhesabiwa kuwa limevuka kiasi. Sheria hiyo haifungi mtu Mwanza, ila kipimo chake kinafaa kupelekwa kikaoni.

Chukua sharti kwamba paneli zisionekane kutoka barabarani. Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta na jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo paa lenye mteremko mdogo huzalisha vizuri likielekea kaskazini au kusini. Tatizo ni kivuli. Kwenye vilima vya Isamilo au Capri Point, jabali lililo magharibi mwa nyumba laweza kufunika kona ya paneli moja tangu saa tisa alasiri, na kwa kuwa paneli huunganishwa kwa mfululizo, umeme wa safu nzima ukashuka. Mmiliki asipoteze muda kubishania upande. Apige picha za kivuli asubuhi na alasiri, azipeleke kwa kamati.

Kamati nayo ina haki ya kuuliza kama fundi ana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kama kenchi zitahimili paneli zenye kilo 20 na zaidi kila moja, na nani atagharamia bati likivuja wakati wa masika. Majibu yaandikwe na kusainiwa kabla fundi hajapanda. Na chama kikikataa, mmiliki adai sababu kwa maandishi, maana katazo la mdomo ni gumu kulithibitisha shauri likifika barazani.