Loiyangalani bila kupanda Kulal: mambo ya kufanya kwa mgeni asiyetaka kutembea

Mgeni akishafika Loiyangalani, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, hachelewi kuulizwa atapanda Mlima Kulal lini. Wengi hawatapanda, na wana sababu zao: magoti mabovu, watoto wadogo, mimba, au uvivu tu, ambao nao ni haki ya mtu aliye likizo. Makala haya ni yao. Mbele yao majini kuna Kisiwa cha Kusini, hifadhi ya taifa tangu 1983. Kaskazini, mwendo wa kutwa kwa gari, kuna Sibiloi, iliyoanzishwa 1973. Hifadhi hizo pamoja na Kisiwa cha Kati ni Urithi wa Dunia, na tangu 2018 UNESCO imeziweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa ajili ya mabwawa yaliyojengwa Ethiopia kwenye Mto Omo. Mto huo huleta karibu asilimia 90 ya maji ya ziwa.

Kwanza ratiba, kwa sababu hapa haipangwi na mgeni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kaa kivulini. Mtu mzima anahitaji lita 4 hadi 5 za maji ya kunywa kwa siku, na ndani ya gari weka mara mbili ya hizo. Maji ya ziwa si ya kunywa: yana magadi, na madini ya floridi yaliyomo ni mengi kiasi cha kuharibu meno na mifupa ya anayeyatumia miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii, maana moto huua vijidudu lakini hauondoi floridi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kupata mkojo wa rangi ya chai, mlaze kivulini, mpepee, kisha umpe kidogo kidogo mchanganyiko huu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi, hali huwa mbaya zaidi. Akianza kuweweseka au kupoteza fahamu, usimnyweshe chochote. Mmwagie maji mwilini na umkimbize kwenye kituo cha afya.

Baada ya jua kuna upepo, na huu ndio unaowaponza wageni wengi. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mwanya mpana, na upepo wa mashariki hubanwa humo ukaongeza kasi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, hewa ikateremka kutoka upande wa Kulal kuelekea majini na kuutia nguvu upepo huo. Mchana nchi kavu hupata moto, hewa ya ziwani ikavutwa kuelekea huko, na pepo hizo mbili zikapunguzana nguvu. Kwa hiyo upepo mkali ni wa usiku na asubuhi, na alasiri hutulia. Ukija kwa njia ya South Horr utaona faida yake barabarani: mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Simamisha gari uitazame. Ni onyesho lisilo na kiingilio.

Ukitaka kwenda majini kwa mashua, kumbuka kwamba upepo huo unatoka nchi kavu. Ukisimama ufukweni asubuhi unaona maji yametulia kama ya kwenye sufuria, kwa kuwa mawimbi bado hayajapata nafasi ya kukua. Kilomita chache ndani mambo ni mengine. Na injini ikizima, mashua hairudishwi ufukweni, inasukumwa kuelekea ng'ambo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena.

Basi kabla ya kulipa, kagua mwenyewe. Jaketi za kuokolea ziwe sawa na idadi ya abiria, pamoja na za watoto, kila moja ikiwa na mikanda inayofunga. Mvalishe mtoto jaketi, ishike mabegani uivute juu: ikimfika masikioni, ni kubwa mno. Mafuta yahesabiwe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura. Makasia mawili yawepo hata kama injini ni mpya. Nahodha akisema leo hatutoki, usimbembeleze wala usimwongezee bei. Ziwa lina mamba wengi, hivyo usiogelee na usining'inize mkono nje ya mashua. Hamu ya kuogelea itulize kwenye malazi yenye bwawa la maji ya chemchemi. Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao, si kwa noti mkononi, kwa hiyo zilipe kabla hujatoka penye mawasiliano.

Kwa asiyependa maji kuna Makumbusho ya Jangwa, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Saa mbili zinatosha, na yanafaa kutangulia kila kitu kingine, kwani humo utajua nani ni nani kati ya Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabbra na Waelmolo kabla hujaanza kupiga hodi kwa watu. Tamasha la utamaduni la ziwa nalo hufanyika Loiyangalani, ila tarehe zake hubadilika. Ulizia serikali ya kaunti ya Marsabit kabla ya kupanga safari.

Anayefika Sibiloi kwa gari atataka kuona Koobi Fora, mahali panapopatikana visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, na hapo tunaomba jambo moja kwa msisitizo: usiokote jiwe. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inakataza kuondoa visukuku bila kibali, lakini sababu yenyewe ni nzito kuliko faini. Mfupa uliogeuka jiwe hauandikwi umri. Umri wake unasomwa kwenye majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka ulimolala, kwa kupima kiasi cha potasiamu iliyokwisha kugeuka argoni. Majivu hayo yenyewe yanaweza kuleta ubishi. Fuvu lililookotwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, lenye namba 1470, lilizusha mabishano ya miaka kwa sababu tabaka moja la majivu lilipimwa kimakosa likaonekana kuukuu mno, hadi vipimo vya baadaye vilipoliteremsha kwenye takribani miaka milioni 1.9. Wataalamu walibishana hivyo huku wakijua fuvu limetoka wapi. Sasa fikiria kipande kilichosafiri mfukoni hadi Nairobi. Ukiona kitu, kiache kilivyo, weka kalamu kando yake ionyeshe ukubwa, piga picha moja ya karibu na nyingine ya mbali, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha mpe taarifa mlinzi wa hifadhi.

Waelmolo wanaishi kaskazini mwa Loiyangalani, kando ya maji, na kwa mapokeo ni wavuvi. Zamani walivua wakiwa juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma. Nenda na mwenyeji wa kijiji, mkubaliane bei kabla ya kuingia, na ujue kama picha zimo au zinalipiwa mbali. Usimwelekezee mtu simu huku ukitabasamu ukadhani ndiyo ruhusa. Ukinunua kikapu cha Kiturkana, kigeuze utazame kitako. Mtu wa pwani amezoea ukili unaosukwa kwanza ndipo ushonwe, lakini hapa kazi huanzia kitovuni: fungu la nyuzi linazungushwa duara kwa duara, na kila duara linashonewa kwenye lililotangulia kwa utepe wa jani la mkoma. Kibonyeze kwa kidole gumba. Duara zikiachana ukaona mwanga, kilishonwa kwa haraka na kitalegea.

Safari ya gari kwenye Jangwa la Chalbi, upande wa Kalacha na North Horr, nayo ni ya kukaa tu kitini, ila haimsamehe dereva. Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka. Juu kuna ukoko mweupe wa chumvi, na chini yake, mvua ikiwa imenyesha, kuna tope ambalo ukoko huo unalificha. Fuata alama za magari yaliyopita karibuni, nendeni magari mawili, na kila moja liwe na spea mbili. Kwenye mchanga mlaini teremsha upepo wa matairi hadi presha ya PSI 20 hivi, tairi lipanuke na kuelea. Kosa la kawaida ni kusahau kuurudisha: ukiingia kwenye mawe ya volkano na tairi laini, ubavu wake unapasuliwa, na ubavu hauzibiki. Kwa hiyo pampu ya kutumia umeme wa gari ni sehemu ya mzigo. Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Gurudumu linalozunguka linachimba kaburi lake. Chimba mbele ya matairi yote manne, tandika mbao, toka polepole. Mchana utaona maji yakimetameta mbele. Ni mazigazi, usiyafuate.

Usiku ndio wenye utajiri zaidi, na hauhitaji hatua hata mia. Anga la hapa halina taa za mji. Panga safari kwa kalenda ya mwezi mwandamo: kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata kuna giza la kutosha saa za jioni. Toka saa mbili usiku, keti nyuma ya ukuta upande wa magharibi ili upepo usikupige, na uyape macho dakika 20 hadi 30 bila kutazama simu. Mwanga mmoja wa kioo cha simu unakurudisha mwanzo. Tochi ifunge kitambaa chekundu.

Katikati ya Mei, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama juu ya upeo kwa kiasi cha ngumi tatu za mkono ulionyooshwa. Nyota ya Kaskazini iko upande wa pili, lakini kwa kuwa Loiyangalani ipo chini ya nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, haipandi zaidi ya vidole viwili, na vumbi kwa kawaida huimeza. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kinakuwa kimezama. Kitachomoza tena alfajiri mwezi Juni, na ndicho ambacho wakulima wa pwani walikisema: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Julai kundi la Nge liko juu upande wa kusini, na nyota nyekundu kifuani. Darubini ya mkono ya 10x50 itakuonyesha miezi minne ya Mshtarii (sayari ya Jupita), mradi uegemeze viwiko kwenye ukuta.

Nge wa chini naye yupo. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na asubuhi vikung'ute kabla ya kuingiza mguu. Ukiwa na tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, mulika kwenye mawe: nge hung'aa kijani.