Utumbo mwembamba ukiumia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Hana jeraha wala hatoki damu, yuko salama." Hii ndiyo dhana inayoua. Mtoto akianguka na baiskeli, ncha ya usukani ikamgonga tumboni, utumbo hubanwa kati ya chuma na uti wa mgongo hadi upasuke, na ngozini pakabaki alama ndogo ya mviringo tu. Dereva wa bodaboda hupata vivyo hivyo. Uchafu wa utumbo mwembamba hauna asidi kali wala bakteria wengi kama wa utumbo mpana, ndiyo maana saa za mwanzo maumivu huweza kuwa hafifu. Tumbo likija kukakamaa, sumu imekwisha kuenea. Mchubuko wa mkanda wa gari uliokatiza tumbo nao usipuuzwe.

"Ultrasaundi haikuonyesha kitu." Ultrasaundi ya dharura hutafuta majimaji, haioni tundu. Eksirei ya kifua, mgonjwa akiwa wima, ikionyesha hewa chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), utumbo au tumbo la chakula huenda limetoboka. Isipoonyesha, haina maana mgonjwa yuko salama. CT (picha za eksirei za kompyuta) ni bora zaidi, lakini ikipigwa mapema mno nayo hukosa. Majimaji tumboni ilhali ini na wengu ni vizima ni ishara nzito. Kwa hiyo mgonjwa alazwe, na ikiwezekana daktari yuleyule ampapase kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa saa 24, akiandika mapigo ya moyo, joto na ugumu wa tumbo. Mapigo yakizidi kupanda na tumbo likizidi kuuma, apasuliwe bila kungoja picha nyingine.

"Asipewe dawa ya maumivu, itaficha ugonjwa." Apewe. Mofini kidogo kidogo kwenye mshipa haizuii utambuzi, na mgonjwa aliyetulia hupimika vizuri.

"Utumbo uliotoka nje urudishwe haraka." Usiusukume. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya dripu, usimpe chakula wala kinywaji, mkimbize hospitali.

"Ukitoboka lazima ukatwe." Si lazima. Baada ya dripu, antibiotiki na mpira wa puani wa kunyonya yaliyo tumboni, daktari huukagua utumbo wote, takriban mita 6, pande zote mbili. Kisu au risasi mara nyingi huacha matundu mawili, kwa hiyo akihesabu matundu witiri arudie kutafuta. Tundu lisilofikia nusu ya mzunguko husafishwa kingo na kushonwa kwa kukingama, maana likishonwa kwa urefu njia husinyaa. Kukata na kuunganisha ni kwa tundu kubwa zaidi, matundu yaliyosongamana, au kipande kilichokosa damu. Mgonjwa aliyezidiwa, mwenye baridi na damu isiyoganda, haunganishwi utumbo siku hiyo: ncha zake huzibwa, apelekwe uangalizi maalumu, arudishwe mezani baada ya saa 24 hadi 48.

Akishapona kidogo, homa au mapigo ya kasi kati ya siku ya 5 na ya 7 humaanisha mshono uchunguzwe kama unavuja.