Namba ya kitambulisho bila kadi ina kazi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, unadai kuwa mwenye namba ya kitambulisho cha taifa bila kadi asijisumbue kwenda kituo cha huduma, atarudishwa. Si kweli.

Namba ndiyo utambulisho wenyewe. Kadi huibeba tu. Laini ya simu husajiliwa kwa namba na alama za vidole, na namba ya mlipakodi huombwa kwa namba hiyohiyo. Umeisahau? Piga *152*00#, ufuate sehemu ya utambuzi. Kisha ihesabu: tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. 5 zinazofuata ni postikodi, na postikodi za Mwanza huanza na 33. Tarehe isipolingana na yako, huenda umenakili vibaya au uliandikishwa kimakosa. Kosa la usajili hupelekwa ofisi ya usajili ya wilaya, si kwa wakala wa laini.

Wengi wanaorudishwa hukwama kwenye vidole. Anayeparua sato au kuanika dagaa kila siku, ngozi yake hulika na mashine hushindwa kuisoma. Nawa, kausha, jaribu kidole kingine. Wengine hudaiwa kadi mahali pasipo na mashine, ambako sura hulinganishwa na picha. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, na inaeleweka.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mzee wa Ukerewe akiuamini, hatapanda kivuko kufuata huduma anayostahili.