Mgeni wa Nairobi, nyumba ya ziwani: maswali na majibu

Dada mmoja wa Ujiji anamsubiri rafiki yake kutoka Nairobi. Walisoma pamoja, na sasa mgeni anakuja Agosti kukaa majuma mawili kwenye nyumba ya familia iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji, upande wa kuelekea Gombe, hifadhi ya sokwe mtu. Barabara haifiki. Boti ya abiria kutoka Kibirizi, gati la boti la Kigoma, hupita mara moja kwa siku, na Jumapili haipo kabisa. Yeye na mgeni wake walinitumia maswali haya kwa simu, nami nimeyajibu kama ninavyowajibu watu wanaokuja kwenye chumba changu cha matibabu.

Sisi huku tunaumwa malaria tunapona. Kwa nini nimhofie mgeni?

Kwa sababu wewe mbu wa Kigoma amekuanza ukiwa bado umebebwa mgongoni. Ukikua hivyo, mwili hujenga kinga ya kiasi fulani. Haizuii malaria, ila hupunguza makali yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haimpi mdudu huyo nafasi. Mtu mzima aliyekulia kule akikutana na malaria ya kwetu ni sawa na mtoto wa mwaka mmoja, hata awe na mwili wa mpiga makasia.

Kwa hiyo aanze dawa ya kinga kabla hajafunga begi. Amwone daktari hukohuko kwao. Vidonge vya atovakwoni na proguanili humezwa kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku akiwa huku, na siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vilevile, lakini inaendelea majuma manne baada ya safari, na hapo ndipo wengi hukatisha. Kama ni mjamzito aseme mapema, maana doksisaiklini haimfai, na kusema kweli ningemshauri aahirishe safari.

Chandarua nacho kitazame kwa macho yako. Simama nacho kwenye mwanga wa dirisha utafute matundu, kisha usiku ukichomeke chini ya godoro pande zote nne. Nimeona vyandarua vizuri vimefungwa fundo juu ya kitanda kama pambo, mwenye kitanda amelala chini yake wazi.

Maji ni angavu, mawe yanaonekana hadi chini. Naweza kuogelea?

Hili ni swali la mgeni, na nalielewa. Ziwa hili linashuka hadi mita 1,470, na rangi yake asubuhi inamtoa mtu shati. Lakini kichocho hakikai kwenye tope peke yake. Kinakaa ndani ya konokono mdogo anayeng'ang'ania matete na majani ya pwani iliyotulia, hasa karibu na mahali watu wanapofua, wanapoogea na, tusifichane, wanapojisaidia. Jua likipanda, konokono huachia vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingi zaidi kuelekea adhuhuri. Kijidudu kikikugusa kinapenya ngozi kwa dakika chache. Pengine utawashwa kidogo. Pengine hutasikia kitu.

Ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi, au maji ya kina mbali na matete, hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa haiishi. Kujifuta taulo upesi si kinga ya kuitegemea. Na kabla ya kuruka, muulize mwenyeji kuhusu mamba, na kuhusu swila wa maji, ambaye ana sumu ila kwa kawaida hukukimbia akafuate samaki wake.

Kwa kuoga nyumbani, teka maji jioni, yafunike kwenye ndoo yakae siku mbili. Vijidudu vya kichocho hufa vyenyewe visipopata mwili.

Ukiingia ziwani, weka alama kwenye kalenda: majuma sita hadi nane baada ya mara ya mwisho, nenda kapime. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa lakini hukosa michanga, kwa hiyo kuimeza siku ya kurudi nyumbani ni kujidanganya. Na ikiwa kabla ya hapo utapata homa, kikohozi na vipele, usingoje kalenda.

Maji ya kunywa je?

Yachemshe hadi yatokote sawasawa, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ziwa angavu hubeba kipindupindu bila kubadilika rangi. Mwaka 2015 kijiji cha Kagunga, ufukweni huohuo, kilikumbwa nacho wakati wakimbizi wa Burundi walipojazana pale. Migebuka na dagaa mle vya moto. Wekeni pakiti tatu nne za chumvichumvi ya kuharisha ndani ya nyumba, kila moja ichanganywe na lita moja ya maji salama.

Akipata homa usiku, boti hakuna. Nifanyeje?

Swali hili lijibiwe kabla hajafika. Kaa na jirani mwenye mashine ya boti, mkubaliane bei na namba ya simu, na petroli iwepo kwenye dumu, si ahadi ya petroli. Jua zahanati ya karibu iko kijiji gani na kama ina kipimo cha haraka cha malaria. Majaketi ya kujiokolea yawe mawili: la mgonjwa na la anayemsindikiza. Agosti upepo wa kusini unaweza kuchafua ziwa, kwa hiyo uamuzi wa kuondoka ni wa nahodha, si wa mwenye hofu.

Hesabu siku pia. Malaria haitoki chini ya siku saba tangu mbu aume. Homa ya siku ya tatu inaweza kuwa kitu kingine, au ameitoa safarini. Homa ya juma la pili ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo kikatae.

Kipimo kikisema ndiyo na bado anakula, anakunywa na kuzungumza vizuri, atatumia dawa mseto: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza. Imezwe na chakula chenye mafuta. Mboga iliyoungwa mawese inatosha kabisa, na hapo Kigoma tumebarikiwa. Lakini akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akipata degedege, akishindwa kukaa, au mkojo ukiwa mweusi kama soda, huyo anahitaji sindano hospitali. Malaria kali inaweza kumbadilisha mtu ndani ya siku moja, kwa hiyo mpigie jirani simu palepale.

Nikisharudi Nairobi nimemaliza?

Bado. Majuma mawili huku, siku saba au zaidi za mdudu kujificha: homa ina nafasi nzuri ya kukukuta umekaa ofisini. Kwa miezi mitatu, ukihisi homa yoyote, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe "nilikuwa Kigoma". Usipoisema atakutibu mafua.

Kadi ya homa ya manjano?

Anayetoka Kenya aje nayo. Chanjo achomwe angalau siku kumi kabla ya safari; tangu 2016 kadi yake ni ya maisha.

Ana mafua kidogo. Twende tu Gombe tukaone sokwe mtu?

Hapana. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipooza na wengine kufa kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa polio kutoka kwa binadamu, na mafua yetu huwaua vilevile. Akae ufukweni na chai ya tangawizi hadi kikohozi kiishe.