Foo-wili maana yake nini, na unaijuaje kabla ya kutoa pesa

Mtu akikuambia gari lake ni foo-wili (four-wheel drive), bado hujajua linaweza nini. Neno hilo Kigoma linabeba magari ya aina tatu ambazo hazifanani kazi, na anayenunua gari la mkononi kwa ajili ya kwenda Ilagala hadi Kalya, au kuingia misitu ya Uvinza wakati wa mvua, asipozitofautisha atalipa bei ya moja akaondoka na nyingine.

Maana ya msingi ni kwamba nguvu ya injini inafika kwenye matairi yote manne. Tofauti iko kwenye namna inavyofika.

Aina ya kwanza ni foo-wili ya kuingiza kwa mkono. Land Cruiser mkonga, Suzuki Jimny na Hilux nyingi ziko hapa. Siku za kawaida gari linasukumwa na matairi ya nyuma tu. Ukivuta mkono wa transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), propela ya mbele, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inafungwa na ya nyuma na zote mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye tope, hilo ndilo unalolitaka. Kwenye lami linaua gari, kwa sababu kwenye kona matairi ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na propela zilizofungwa pamoja haziruhusu tofauti hiyo. Kwenye udongo tairi linateleza kidogo na mkazo unatoka. Kwenye lami hauna pa kutokea, unarudi kwenye krosi (viungo vya propela), kwenye transfa na kwenye ekseli. Ukisikia stelingi imekuwa nzito kwenye kona na mkono wa transfa umegoma kutoka, ndiyo mkazo huo. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha jaribu tena.

Aina ya pili ni foo-wili ya kudumu. Mfano ni Land Rover Defender, Land Cruiser 80 nyingi na Prado nyingi. Mbali na difu ya ekseli ya mbele na ya nyuma, hizi zina difu ya tatu katikati, inayoziruhusu propela mbili kupishana mwendo, ndiyo maana zinatembea lami bila shida. Lakini bila kufunga difu hiyo ya kati, tairi moja tu likining'inia hewani linatosha kulisimamisha gari zima. Kwa hiyo swichi au mkono wa kufunga difu ya kati lazima ufanye kazi.

Aina ya tatu ni magari kama RAV4, Harrier na X-Trail. Mengi yanavutwa na matairi ya mbele, na ya nyuma yanasaidia pale ya mbele yanapoteleza, kupitia kaplingi (kiungo kinachoshika na kuachia kama klachi) iliyoko karibu na difu ya nyuma. Hayana gia ya lo. Kwa utelezi wa mtaani Kasulu yanafaa sana. Kwenye tope refu kaplingi inapata moto, na kwenye mengi inaacha kuvuta mpaka ipoe. Si magari mabaya, ila si ya safari hizi.

Gia ya lo ndiyo inayolitenga gari la porini na mengine. Ni seti ya pili ya meno ndani ya transfa inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu, kwa Toyota nyingi takribani mara 2.5, na kwa Defender mara 3.32. Watu huiwaza kwa kupanda tu, lakini faida yake kubwa iko kwenye kushuka. Weka lo, gia namba moja, toa mguu kwenye klachi na breki, injini yenyewe italishikilia gari mpaka chini. Anayeshuka mlima wenye utelezi kwa breki hufunga matairi, na tairi lililofungwa halipindi kona.

Sasa difu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama bila kuelewa kwa nini. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa matairi mawili ya ekseli moja, na kiasi kinachogawiwa kinaamuliwa na tairi lenye mshiko mdogo zaidi. Likiwa hewani halihitaji nguvu yoyote ili lizunguke, basi na mwenzake aliye kwenye udongo mgumu hapati kitu. Ndiyo maana foo-wili nzima, yenye lo na kila kitu, inaweza kusimama kwenye mtaro uliokatwa na maji huku tairi moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili yakizunguka bure. Difu loku inaziunganisha saidi shafti (vyuma vinavyotoka kwenye difu kwenda kila tairi) za kushoto na kulia ziwe kama chuma kimoja. Kama utakuwa nayo moja, iwe ya nyuma, kwa sababu gari linapopanda uzito hurudi nyuma, na difu ya mbele ikifungwa stelingi inakuwa ngumu kupinda. Ifunge gari likiwa limesimama au linajivuta polepole, pita, kisha ifungue. Ukiifunga wakati tairi tayari linazunguka kwa kasi, au ukipinda kona ngumu nayo imefungwa, unaikaribisha saidi shafti ikatike.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Halihitaji kompyuta, ni jeki na mawe manne tu. Simamisha gari kwenye uwanja ulio sawa, weka mawe mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma. Kama lina hubu za kufunga kwa mkono (swichi za katikati ya matairi ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli), zungushia zote mbili kwenye LOCK. Ingiza foo-wili (kwa gari la kudumu, funga difu ya kati). Gari linaloingiza kwa umeme au vakyumu liendeshe hatua chache kwenye udongo mpaka taa itulie bila kupepesa, ndipo uzime na uweke mawe. Sasa giaboksi iwe nyutro, inua tairi moja la mbele, lishike kwa mikono miwili ulizungushe. Likigoma baada ya kuchezacheza kidogo, foo-wili ya mbele ni nzima. Likizunguka huku propela ya mbele imetulia, hubu au ekseli ya upande mmojawapo, huo au wa pili, haishiki. Likizunguka na propela ikaenda nalo, ubovu uko transfa. Rudia upande wa pili kujiridhisha. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Propela inaonekana vizuri ukiinama pembeni.

Shusha gari, kisha chungulia nyuma ya matairi ya mbele. Kwenye mkonga, ukikuta oili iliyochanganyika na grisi inachuruzika kwenye nundu la ekseli (duara la chuma lililo nyuma ya tairi), oili sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya joinzi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi hata likipinda. Mwambie fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Vumbi laini la chuma kwenye nati ya kumwagia si la kutisha, ila kipande kinachoshikika kwa vidole ni jino. Kisha endesha kwenye vumbi, foo-wili imeingia, stelingi imepindwa mpaka mwisho. Mlio wa ka-ka-ka mbele ni joinzi. Na gari lililowahi kubeba chumvi ya Uvinza lipigwe nyundo ndogo chesisi nzima, hasa juu ya difu ya nyuma na kwenye viti vya springi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinadunda.

Kwenye kuboresha, pesa ya kwanza iende kwenye matairi, na kabla hata ya matairi mapya, kwenye geji ya upepo na pampu. Tairi la psi 35 barabarani, kwenye mchanga lishushe hadi 18 au 20. Linarefuka chini na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Chini ya 15 linaweza kuvuka rimu kwenye kona. Ukitoka, jaza kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbia linapata moto na kupasuka ubavu. Kwenye misitu ya miombo visiki hutoboa ubavu, si uso, kwa hiyo chagua lenye ubavu mgumu kabla ya kupenda lenye meno makubwa.

Kuinua gari kwa springi ndefu kunaeleweka vibaya. Kwenye ekseli ya kipande kimoja, springi huinua bodi, difu inabaki palepale. Kinachoinua difu hiyo ni tairi peke yake. Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 kipenyo huongezeka milimita 57 hivi, na difu inapanda nusu yake, 28 tu. Malipo yake ni gia zilizokuwa nyepesi kuwa nzito kwa asilimia 7, na spidomita inayosoma 80 wakati unakwenda karibu 86. Springi zisiinue gari zaidi ya milimita 50. Zaidi ya hapo stelingi inakosa kurudi yenyewe mpaka uweke bushi za kurekebisha kasta (mlalo wa stelingi unaoyarudisha matairi kwenye mstari), mipira ya breki inakuwa mifupi, na krosi za propela zinafanya kazi kwa pembe mbaya.

Jambo dogo la bei ndogo ambalo wengi wanaliruka ni vipumulio (vitundu vya kutolea na kuingizia hewa) vya difu, transfa na giaboksi. Difu iliyotembea kilomita 40 ina moto. Ikiingia kwenye maji ya mto inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kipumulio kilichoziba kwa tope hulazimisha maji yaingie kupitia oili sili. Vuta paipu ya mpira kutoka kila kipumulio hadi juu ndani ya boneti, uzifunge na filta ndogo ya mafuta. Fanya hilo kabla ya kununua snokeli (paipu inayoipa injini hewa kutoka juu), na snokeli yenyewe haina maana kama maungio yake hadi kwenye boksi la filta ya hewa hayajazibwa vizuri.

Mwisho ni sehemu ya kufungia kamba. Boli la kuvutia trela lisitumike kamwe kunasulia gari. Likikatika linaruka na kamba kwa nguvu ya kuua mtu. Weka ndoano au shekeli (pingu ya chuma) iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye nguvu, mbele na nyuma, na kila anayesimama kutazama awe mbali kuliko urefu wa kamba.