Kifuta machozi si fidia: dhana potofu kuhusu manusura wa ukatili wa kingono vitani

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii inawafaa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Lakini imegeuzwa kufuli la kuwafunga midomo wanawake waliobakwa vitani. Mkataba wa amani ukishatiwa saini na wakubwa wakishapeana mikono, anayeuliza habari za ubakaji hujibiwa kwa methali hiyo na mazungumzo yakaishia hapo. Ila kwa mwanamke aliyepata fistula baada ya kubakwa na kundi la askari, ambaye mkojo unamtoka bila kujizuia hadi leo, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Analala nayo na kuamka nayo.

Haki ya mpito ni jina la jumla la hatua ambazo nchi huchukua baada ya vita au utawala wa mabavu: kesi, tume za ukweli, fidia, na mageuzi ya jeshi, polisi na mahakama. Kuzingatia jinsia ndani yake ni kujiuliza, kila mlango wa haki unapojengwa, kama mtu aliyetendewa ukatili wa kingono ataweza kuupita bila kuumizwa tena. Dhana zifuatazo huufunga mlango huo, na nyingine hutoka vinywani mwa watu wenye nia njema kabisa.

“Ni ajali za vita, askari walikosa nidhamu tu”

Mnamo 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni (eneo la utawala) ya Taba, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kuamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, pale unapofanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Wanawake wa Kitutsi waliokuwa wamekimbilia ofisi ya komuni walibakwa papo hapo, na mahakama ilimwona Akayesu kuwa na hatia kwa sababu alikuwepo, alijua, na aliwatia wabakaji moyo. Miaka michache baadaye, Februari 2001, mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani iliwahukumu wanaume watatu katika kesi ya mji wa Foča, Bosnia, ambako wanawake na wasichana walifungiwa majumbani na kumbini, wakagawiwa askari, wengine wakauzwa. Mambo kama hayo yalihitaji nyumba, walinzi, funguo na ruhusa. Nidhamu ilikuwepo, na ndiyo iliyotumika.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikutaja ubakaji hata mara moja. Shahidi mmoja mwanamke, akiwa kizimbani kueleza mambo mengine, alisema binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji wakamuuliza zaidi. Mwanamke pekee katika jopo hilo alikuwa Jaji Navanethem Pillay. Mashahidi wengine wakafuata, na Juni 1997 hati ikarekebishwa. Binafsi huwa nikiifikiria siku hiyo najiuliza: kama asingepatikana wa kuuliza, leo tungekuwa tunasema nini juu ya Taba?

“Mbona hawakusema? Basi labda halikutokea”

Katika Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, wanawake wengi walifika kutoa ushahidi, lakini walisimulia zaidi yaliyowapata waume zao, kaka zao na wana wao. Ya kwao wenyewe waliyaruka. Tume ililiona hilo na kuandaa vikao maalumu vya wanawake. Nao ukimya huo una sababu: aliyebakwa anajua kwamba akitamka, huenda mume akaondoka, wakwe wakamkataa, na binti yake akakosa mchumba.

Wengine hudai lazima kuwe na shahidi wa pili au cheti cha daktari. Kanuni za mahakama ya Rwanda na ile ya Yugoslavia ya zamani, na baadaye zile za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, zinasema wazi kwamba ushahidi wa mhanga wa ukatili wa kingono hauhitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine ili ukubalike. Majaji bado wanaupima kama ushahidi wowote ule. Wasichoruhusiwa ni kuutupa kwa sababu tu alikuwa peke yake. Na kwa kweli, nani hubakwa kituo cha afya kikiwa wazi na daktari yupo tayari na kalamu?

“Fidia ni kifuta machozi”

Nadhani hapa ndipo lugha yetu yenyewe imetuponza. Kifuta machozi hutolewa na mtu mwenye huruma, naye anaweza kutoa au kuacha, na akitoa anastahili shukrani. Fidia hulipwa na mwenye kosa au aliyeshindwa kulinda, na anayeipokea hadaiwi shukrani na mtu yeyote. Ni deni.

Tofauti hiyo waliieleza vizuri kuliko mwanasheria yeyote wanawake wazee wa Korea. Tarehe 14 Agosti 1991 Kim Hak-sun alijitokeza hadharani Seoul na kusema jeshi la Japani lilimfanya mtumwa wa kingono wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alikuwa amenyamaza karibu nusu karne. Mwaka 1995 Japani ilianzisha Mfuko wa Wanawake wa Asia, na pesa walizopewa wanawake mkononi zilitokana na michango ya raia. Wengi wao, wazee na maskini, walizikataa. Walitaka serikali ikiri kisheria kwamba ilifanya, kisha ndiyo ilipe. Ukimwambia mtu mwenye njaa kwamba fidia ni pesa tu, hawezi kuelewa kwa nini bibi wa miaka sabini alikataa. Wao walielewa.

Misingi iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2005 inataja aina tano za fidia: kumrudisha mtu alikokuwa kabla ya madhara kadiri iwezekanavyo, malipo ya pesa, matibabu na msaada wa kisaikolojia na kisheria, hatua za kumrejeshea heshima kama ukweli kutangazwa na kuombwa radhi, na hakikisho kwamba hayatarudiwa. Azimio la Nairobi la Machi 2007, lililohusu hasa haki za wanawake na wasichana, liliongeza swali zito: kumrudisha alikokuwa, ni wapi? Ikiwa kabla ya vita hakuwa na haki ya kumiliki ardhi wala sauti nyumbani kwake, kumrudisha hapo ni kumrudisha kwenye udhaifu uleule uliowarahisishia wabakaji kazi.

Tazama kesi ya Sepur Zarco, Guatemala. Wanaume wa Q'eqchi', jamii ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliodai hati za mashamba walichukuliwa na jeshi miaka ya 1980, kisha wake zao wakalazimishwa kwenda kambini kwa zamu kupika, kufua nguo za askari na kubakwa. Wanawake 11 walisimama katika kesi hiyo miongo mitatu hivi baadaye. Waliketi mahakamani wamejifunika nyuso kwa shali. Februari 2016 wanaume wawili walitiwa hatiani, mmoja afisa wa jeshi aliyepewa miaka 120, mwingine mwakilishi wa jeshi katika eneo hilo aliyepewa miaka 240. Na fidia? Pesa zilikuwemo, lakini pia kituo cha afya, elimu kwa watoto wa vijiji vyao, na kuendelezwa kwa madai ya ardhi ambayo waume zao walifia. Mtu anayedhani manusura wanataka fedha ya kuficha aibu na aisome orodha hiyo mara mbili.

“Ahukumiwe kwanza aliyebaka, ndipo fidia itolewe”

Misingi ileile ya 2005 inasema mtu ni mhanga hata kama mkosaji hajatambuliwa, hajakamatwa wala hajahukumiwa. Ndiyo maana zipo programu za fidia zinazoendeshwa na serikali nje ya mahakama. Kosovo ilibadili sheria mwaka 2014 na kuanza kupokea maombi Februari 2018. Aliyekubaliwa alianza kupata pensheni ya euro 230 kwa mwezi, bila kusubiri aliyembaka ahukumiwe.

Kusubiri hukumu ni kamari. Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa kundi la wapiganaji kutoka Kongo, alitiwa hatiani 2016 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ubakaji uliofanywa na wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Juni 2018 rufaa ikamwachia huru. Utaratibu wa fidia dhidi yake ukafa kwa sababu hiyo, ingawa waliobakwa walibaki wamebakwa. Mfuko wa waathirika ulio chini ya mkataba wa mahakama hiyo ulilazimika kuwafikia kwa njia ya msaada. Hata hukumu ikisimama, mkosaji mara nyingi hana kitu. Katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, kundi la waasi la Uganda, Februari 2024 majaji waliagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wanaokadiriwa kufikia 49,772, pamoja na malipo ya ishara ya euro 750 kwa kila mmoja. Ongwen mwenyewe ni fukara, hivyo mzigo wa kutafuta pesa ukaangukia mfuko huo.

Dola nayo hubeba lawama yake. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru serikali iwalipe shilingi milioni 4 kila mmoja manusura wanne wa ukatili wa kingono uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

“Tukiwapa wote kwa utaratibu mmoja, tumetenda haki”

Utaratibu mmoja kwa wote humfaa aliyefikiriwa wakati unaandikwa. Nepal, baada ya vita vyake kwisha 2006, ilitoa msaada wa mpito kwa familia za waliouawa na waliopotezwa. Waliobakwa hawakuwemo kwenye orodha.

Hata wakiwemo, mtego uko kwenye mambo madogo. Fomu inajazwa wapi? Ikiwa ni kwenye meza ya ofisi ya kijiji, foleni yenyewe ni tangazo. Tarehe ya mwisho ni lini? Mwenye mguu uliokatwa anaweza kujiandikisha wiki ya kwanza. Aliyebakwa huenda akahitaji miaka kumi kuweza kutamka neno. Pesa inaingia akaunti ya nani? Anayemwita jina ni nani, kwa sauti gani, mbele ya nani? Kosovo iliruhusu maombi kupitia mashirika ambayo wanawake walikuwa tayari wanayaamini, na hilo liliwasaidia wasioweza kuonekana wakiingia ofisi ya serikali. Iraq ilipitisha sheria ya manusura wa Kiyazidi, jamii ya dini ya wachache nchini humo, Machi 2021, yenye mshahara wa kila mwezi na kiwanja, lakini katika utekelezaji waombaji wakatakiwa kufungua kwanza malalamiko ya jinai. Karatasi moja tu, na sheria nzuri ikawa na kizingiti kirefu.

Pendekezo ninalolipenda zaidi lilitoka kwa tume ya ukweli ya Timor ya Mashariki, katika ripoti yake ya 2005. Tume ilitaka nusu ya rasilimali za fidia ziwafikie wanawake, kisha ikafikiria namna. Mama atakuja kila mwezi kuchukua pesa ya masomo ya mtoto, na palepale atapata ushauri nasaha, matibabu na mafunzo. Mama asiyethubutu kwenda kudai chake mwenyewe ataenda kwa ajili ya mwanawe. Aliyebuni hilo alikuwa amewasikiliza akina mama.

“Ni mambo ya wanawake”

Wanaume nao hubakwa na kukatwa sehemu za siri vitani. Kesi ya kwanza ya mahakama ya Yugoslavia, ya Duško Tadić, ilihusu pia ukatili wa aina hiyo dhidi ya wafungwa wanaume. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, alitiwa hatiani 2019 kwa ubakaji, na miongoni mwa waliobakwa na wapiganaji wake walikuwemo wanaume. Mwanamume aliyebakwa akienda kliniki iliyoandikwa mlangoni “kina mama”, atageuza njiani.

“Watoto hawajui kitu, watakua”

Wanajua. Kaskazini mwa Uganda, watoto waliozaliwa msituni kwa wasichana waliotekwa na LRA walirudi wakaitwa majina ya waasi. Ukoo hufuata upande wa baba, na ardhi huja na ukoo, kwa hiyo mtoto asiye na ukoo wa baba hana pa kulima. Amri ya fidia ya kesi ya Ntaganda, Machi 2021, iliwatambua watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji kuwa waathirika wa moja kwa moja, kwa haki yao wenyewe. Sheria ya Iraq niliyoitaja iliwaacha nje.

“Tuijenge nchi kwanza, fidia itasubiri”

Umaskini wa hazina ni wa kweli, lakini mara nyingi swali ni la mpangilio. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mahakama ziliwapa manusura fidia nyingi zilizobaki kwenye makaratasi, ilipitisha Desemba 2022 sheria ya fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono vitani na kuunda mfuko unaotengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Tutauangalia kwa malipo utakayoyafanya.

Wanaosubiri wanazeeka. Desemba 1991, miezi minne baada ya kujitokeza, Kim Hak-sun alifungua kesi Tokyo dhidi ya serikali ya Japani. Alifariki Desemba 1997 kesi ikiwa bado haijaamuliwa. Mahakama ya Juu iliitupilia mbali mwaka 2004.