Priviu haimaanishi "ina mabagi"

Kila wiki kwenye magrupu ya madevelopa kuna mtu anarusha skrinishoti ya kitufe kipya cha GitHub Copilot, msaidizi wa AI wa kuandika kodi za programu kutoka GitHub, ule mtandao wa kuhifadhia kodi, au cha msaidizi mwingine wa aina hiyo, chini ameandika "imetoka wakuu", na hapohapo ubishi unaanza, huyu haioni kwake, yule anasema kampuni yao imemfungia, afu anatokea mmoja anayejifanya mtu mzima anasema tulieni, hiyo ni priviu, bado ina mabagi, yani makosa ya kwenye programu, subirini ikamilike ndo muitumie. Watu wanampa kidole gumba. Mi ndo nataka kubishana na huyo, maana hao wengine wamechanganyikiwa tu ila yeye anafundisha kitu ambacho sicho, na siku hizi nakisikia hadi kwa watu wanaoshika bajeti.

Maana yenyewe ni fupi. Priviu ni kipindi ambacho mtengenezaji anakuachia utumie kitu kabla hajakuahidi chochote juu ya kitu hicho. GA, ile hatua ya kupatikana kwa wote, ni siku anayoahidi. Basi. Hakuna neno "mabagi" humo ndani wala hakuna neno "kukamilika". Kuna priviu zinazofanya kazi vizuri kuliko vitu vilivyo GA miaka, na kuna GA zinazokwama kila Jumatatu asubuhi, na yote mawili ni sawa kabisa kwa mujibu wa maana.

Ukitaka mfano wa huku kwetu, fikiria zile gari zinazopewa kibali cha muda kubeba abiria wa mikoani msimu wa sikukuu. Gari inaweza kuwa mpya, AC inapiga, dereva makini kuliko wa basi la kila siku. Sikukuu zikiisha kibali kimeisha, na ukienda stendi Januari kumtafuta utaambiwa harudi. Gari haikuwa na shida yoyote, ni kibali tu.

Sasa huu mkanganyiko umetoka wapi? Nadhani umetoka kwenye beta, neno lililokuwepo kabla ya priviu, na beta ina historia yake. IBM ya zamani ilikuwa na majaribio ya A, B na C, na hayo yalikuwa ya mashine, vyuma kabisa, yakifanywa na kampuni yenyewe kabla mteja hajauziwa kitu. Yani beta ya mwanzo ilikuwa kweli ni swali la ubora, je hii mashine inafanya tulichosema itafanya. Baadaye watu wa programu wakazichukua hizo herufi, alfa ikawa ya kujaribu ndani, beta ikawa ya kuwapa watu wa nje wakusaidie kutafuta makosa, na hapo ndo kichwani mwa watu likakaa lile la beta sawa na mabagi. Na kwa miaka ile walikuwa sahihi, unapewa diski, unajaribu, unaripoti, kisha toleo lenyewe linauzwa dukani kwenye boksi na likishatoka limetoka, hakuna wa kulirekebisha kimyakimya usiku.

Halafu ikaja Gmail ikavuruga kila kitu. Ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno beta pembeni ya nembo na lile neno likakaa pale hadi Julai 2009. Miaka mitano! Na siyo kwamba ilikuwa inajaribiwa muda wote huo, kuanzia 2007 Google ilikuwa inaiuza kwa makampuni ndani ya Google Apps, kifurushi chao cha kazi za ofisi, kwa dola 50 kwa mtumiaji kwa mwaka, na mkataba unaoahidi huduma kuwa hewani asilimia 99.9. Hebu litazame hilo vizuri: nembo inasema beta, mkataba unaahidi, mteja analipa. Walipoliondoa hilo neno sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba makampuni makubwa hayapendi kuendesha kazi zao kwenye kitu kinachosikika kama bado kinajaribiwa. Kinachosikika. Kwa hiyo toka hapo kibandiko kwenye nembo kilishaacha kukwambia chochote kuhusu ubora, ukitaka kujua umesimama wapi unasoma ahadi imeandikwaje, basi.

Wenye bidhaa nao naona walilichoka neno beta, GitHub mwaka 2024 wakaliacha wakahamia kwenye priviu, ya faragha kwa waliochaguliwa na ya umma kwa yeyote anayetaka. Mi naona ni afadhali, maana priviu angalau inakwambia unaonyeshwa kitu mapema, haikwambii kimeharibika.

Chukua Copilot yenyewe. Ilianza kama priviu ya kiufundi Juni 2021, bure, unaomba unangoja foleni. Tarehe 21 Juni 2022 ikawa GA, dola 10 kwa mwezi au 100 kwa mwaka, wanafunzi waliothibitishwa wakaendelea bure. Sasa niambie, asubuhi ya tarehe 21 mapendekezo yake yalikuwa na akili kuliko ya jioni ya tarehe 20? Bado ilikuwa inakuandikia fankisheni ambayo haipo kwenye laibrari, ule mkusanyiko wa kodi zilizoandikwa tayari, kwa kujiamini kabisa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna bei inayojulikana na kuna kampuni iliyosema hadharani hii ni bidhaa yetu, tunaiuza.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Codex, siyo hii inayoitwa Codex siku hizi, ile ya kwanza, modeli (ubongo wa AI) ya kuandika kodi. OpenAI, wenye ChatGPT, waliifungulia API, yani mlango wa programu za watu wengine kuitumia, Agosti 2021, beta ya faragha, bure. Modeli za familia hiyohiyo ndizo zilizokuwa ndani ya Copilot. Watu wakajenga vitu juu yake, watafiti wa vyuo wakaandika makala chungu nzima wakipima modeli inavyotatua maswali ya programu. Ikafika Machi 2023 barua pepe ikaingia kwamba tarehe 23 Machi tunazima, hamieni kwenye modeli ya GPT-3.5. Notisi ya siku chache, siyo miezi. Mtafiti ambaye makala yake inasema "tulipima kwa Codex" ghafla jaribio lake ni vigumu kwa wengine kulirudia, wakapiga kelele hadi OpenAI wakawaachia watafiti mlango kupitia mpango wao wa watafiti. Ila angalia upande wa pili: wiki hiyohiyo anayelipia Copilot anaendelea kubonyeza Tab kama kawaida. Teknolojia ya ukoo mmoja, mlango mmoja una ahadi, mwingine hauna. Ungesema Codex ilizimwa kwa sababu ilikuwa na mabagi ungekuwa umekosea kabisa, aliyeumia hakuumizwa na ubora, aliumizwa na kutokusoma kwamba hakuahidiwa kitu.

Weka hiyo pembeni ya Atom, ile edita (programu ya kuandikia kodi) ya GitHub. Yenyewe ilikuwa toleo kamili, imekomaa, ina watu wake. Tarehe 8 Juni 2022 wakatangaza wanaifunga, wakaifunga kweli tarehe 15 Desemba, miezi sita baadaye, na kodi yake ikabaki wazi kwa anayetaka kuichukua. Kwa hiyo GA nayo inakufa, usije ukadhani ni ya milele, tofauti ni kwamba kwa kawaida unaagwa na unapewa muda wa kufunga virago.

Afu kuna priviu ambayo haifi kwa kushindwa, inayeyuka tu ikaingia kwenye kitu kingine. Copilot Workspace ilifunguliwa Aprili 2024 kama priviu ya kiufundi, unampa tatizo anakupangia hatua halafu anaandika mabadiliko kwenye mafaili. Haikuwahi kufika GA. Mei 2025 ikafungwa, na wiki hizohizo GitHub walikuwa wameshatangaza ajenti wa kuandika kodi anayepewa kazi kama mwanatimu na kurudi na pul rikwesti, yani ombi la kuingiza mabadiliko yake, wazo lilelile limevaa nguo nyingine. Timu iliyosema "tunasubiri Workspace ikamilike" ingesubiri hadi leo.

Kuna suala la kwa nini wewe huoni kitufe na mwenzako anakiona, nilipitie haraka maana limeungana na hili. Hali ya ajenti kwenye Copilot, ile inayohariri mafaili mengi na kuendesha amri kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), ilianza Februari 2025 kwenye VS Code Insiders, yani lile toleo la mapema la edita ya VS Code, lenye ikoni ya kijani linalotoka karibu kila siku, ikaja kwenye VS Code ya kawaida Aprili. Mwezi Mei wanaotumia edita za JetBrains wakaipata, ila kwao ikiwa priviu ya umma. Kwa hiyo kuna kipindi watu wawili wa timu moja, leseni moja, meza moja, kitu kilekile kwa mmoja ni cha kawaida kwa mwingine ni priviu, na wote wanasema kweli. Ongeza kwamba apdeti hizi husambazwa kidogokidogo, siyo akaunti zote siku moja, na kwamba ukiwa kwenye leseni ya kampuni admini, msimamizi wa akaunti, ana sera za kuwasha na kuzima, na vitu vya priviu mara nyingi vinakuja vimezimwa hadi yeye aviruhusu. Huyo aliyesema kampuni imemfungia pengine hajafungiwa na mtu, hakuna aliyewasha tu.

Na hapa ndo napata shida na lile la "subirini ikamilike", kwa sababu admini akiamini priviu ni swali la mabagi atafanya kosa pande zote mbili. Atazuia watu wasijaribu kitu kwenye ripo (ghala la kodi) ya mazoezi ambapo hakuna cha kuharibika, afu siku kikigeuka GA atawasha kwa watu wote bila kuuliza lolote akiamini sasa kimeiva. Wakati maswali ya maana kwenye priviu ni mengine kabisa: kodi yetu inaenda wapi na masharti ya data ni yaleyale tuliyosaini au kuna mengine ya pembeni, bei itakuwaje wakianza kutoza, na kikiondolewa wiki ijayo kuna paipulaini gani, yani mtiririko wa kazi unaojiendesha, ya kwetu itasimama. Hayo hayajibiwi kwa kujaribu kitu na kuona kinafanya kazi. Kinaweza kufanya kazi vizuri sana, na hapo ndo hatari inapoongezeka, kitu kibovu hakuna anayejenga juu yake.

Kwenye GA pia kuna la kusemea. Bidhaa ikiwa GA haimaanishi modeli iliyo ndani yake imesimama. Toka Oktoba 2024 GitHub walipotangaza kwamba utaweza kuchagua modeli, ukawa na Claude ya Anthropic, Gemini ya Google na za OpenAI kwenye orodha moja, kila modeli hapo ina hadhi yake, nyingine priviu nyingine GA, na zinazeeka zinaondolewa ndani ya bidhaa ambayo yenyewe haijaenda popote. Kwa hiyo "tunatumia Copilot, ni GA" ni nusu ya jibu, muulize anatumia modeli ipi.

Mi sina ugomvi na neno "imetoka", tutaendelea kulisema tu. Ila ukirusha ile skrinishoti ongeza maneno matatu manne mbele yake, imetoka priviu ya umma kwenye VS Code, au imetoka GA kwa leseni za biashara, na yule mtu mzima wa kwenye grupu badala ya kusema ina mabagi aseme hawajaahidi kitu bado, jaribuni lakini msiifunge kwenye kazi ya mteja. Ni sentensi ndefu kidogo, najua, ila meneja akiisoma atauliza swali sahihi.